Kristofa Luvanda, Fundi wa Meno: Alichougua na Asichougua

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wa hospitali, wageni mliopanda lori kutoka Makambako na mlioteremka kutoka Makete, poleni na safari na poleni na baridi hii, familia inawaomba msogeleane mpate joto, mnyamaze kidogo, kwa sababu habari za Kristofa zimeshasemwa sana katika mji huu na watu ambao hawakuulizwa, na leo tarehe 16 Agosti 2003 ni zamu ya wenyewe kusema.

Marehemu Kristofa Anyisile Luvanda alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 katika kijiji cha Tandala, Makete, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume wa kwanza wa mzee Anyisile Luvanda, mpasua mbao, na mama Fidelia, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mwenye mikono isiyotulia, akipewa kiazi amenye anakichonga kikawa ng'ombe, kisha anamtafutia ng'ombe ndama, na wenzake wanangoja kula. Shule ya msingi alisoma hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akapata viboko vingi kuliko ndugu zake wote, vikiwemo vya kuchonga chaki za shule zikawa vichwa vya watu, kimoja kikafanana mno na mwalimu mkuu hata mwalimu mkuu mwenyewe, baada ya kumchapa, akakiweka mfukoni akaenda nacho nyumbani.

Sekondari alisoma hapa Njombe kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, akiishi kwa shangazi yake Dorosela, dada wa baba yake, ambaye baadaye alihamia Lupembe kulima chai na ambaye leo yupo pale mbele kwenye kiti. Mwaka 1981 alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa maabara ya meno, kazi ambayo kijijini hakuna aliyewahi kuisikia, baba yake akawa anawaambia watu kwamba mwanawe anasomea udaktari, na Kristofa akirudi likizo anamsahihisha mbele za watu, kwamba daktari ndiye anayeng'oa, yeye ndiye anayerudisha. Hakuwa mnyenyekevu, na mtu asije akasimama hapa baadaye akasema alikuwa mnyenyekevu. Alivaa tai hata siku ya kupalilia viazi, na akiona mtu anacheka alikuwa anamwangalia meno kabla hajajua anachekea nini.

Alihitimu mwaka 1984 akaajiriwa katika hospitali ya serikali, miaka ambayo dukani hata sabuni ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona, plasta ya kumwagia umbo la mdomo haikuwepo, nta haikuwepo, na fundi aliyesomeshwa na taifa akawa anakaa kwenye kiti chake anachonga vipini vya visu. Mwaka 1987 alihamishiwa Njombe, akaja na mke, kwa kuwa tarehe 12 Oktoba 1986 alikuwa amefunga ndoa na Tabea, binti wa Wanging'ombe, aliyemwona kwenye harusi ya mtu mwingine akila muwa kwa meno yake mwenyewe, akamfuata na kumwambia kwamba ana meno ya kitabuni, na Tabea akamjibu kwamba kwao vijana husalimia kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Idda aliyezaliwa mwaka 1988, Rodrick mwaka 1991 na Jackline mwaka 1996, na wote wako hapa, na wote meno yao yamenyooka, maana baba yao hakuruhusu vinginevyo.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua huduma zao, na vitu vikaanza kuingia nchini kwa wingi, Kristofa aliacha kazi ya serikali mwezi Machi 1992, akafungua karakana yake katika chumba cha nyuma cha nyumba yao hapa Njombe. Madaktari wa meno wa huku kwetu wakawa wanamletea maumbo ya midomo ya wagonjwa, naye anatengeneza, na ni lazima familia ieleze alivyotengeneza, kwa sababu wengi mlivaa kazi yake mkaitafunia nyama bila kujua ilitokeaje. Alikuwa anamwaga plasta, anachonga jino kwa nta, analizika jino la nta ndani ya unga mweupe mzito ambao ukikauka unakuwa kalibu, anachoma mpaka nta inatoka, anamimina chuma, anavunja kalibu, anakipiga chuma kile kwa mchanga wa mashine mpaka king'ae, kisha anakipaka kaure, udongo ule mweupe kama wa vikombe vya wageni, anachoma tena, halafu sasa anasaga ili jino likae vizuri na wenzake. Akisaga kidogo anapuliza kwa mdomo aone alipofika, anasaga tena, anapuliza tena, na uso wake umeinamia kile kijino kama mtu anayesoma barua ya mbali.

Sasa nyote mnaijua Njombe mwezi wa sita na wa saba. Nta ya meno kwenye baridi ile inapasuka kabla hujaigusa, na upepo wa huku ukiingia unaupeperusha unga wa kaure mezani, kwa hiyo Kristofa alifunga dirisha, akaligongomelea kipande cha blanketi, chini ya mlango akaweka gunia, akaingiza jiko la mkaa likishakuwa jekundu, na humo ndani akawa anafanya kazi kutwa nzima akiwa na koti. Mwenzake anayefanya kazi hiyo hiyo Dar es Salaam anafungua madirisha yote kwa sababu ya joto. Ni sisi watu wa baridi tu tunaoweza kujifungia na vumbi la mawe tukajiona tumekaa pazuri. Tabea alimwambia mara nyingi afungue hata kidogo, naye akamjibu kwamba nta haina koti. Jioni alikuwa anatoka mweupe kuanzia nywele hadi kope, kama mtu aliyetoka kusaga sembe, watoto wanamkimbia wakimwita babu, anawakimbiza, wanacheka wote, na nyumba nzima iliona weupe ule ni dalili kwamba kazi ipo.

Kikohozi kilianza mwaka 1996, mwaka aliozaliwa Jackline, kikavu, cha asubuhi. Mwaka 1998 alipelekwa kupimwa, makohozi yake hayakuonyesha kitu, lakini kwa kuwa siku zile anayekohoa ni anayekohoa, aliandikiwa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi minane bila kuruka hata siku moja, na alipozimaliza kikohozi kilikuwa pale pale kinamsubiri.

Mwaka 1999, mwezi wa Septemba, kanisa lilipokea mashine kutoka kwa daktari mzee wa meno wa Ujerumani aliyekuwa anastaafu, na hii ndiyo mashine ambayo wengi mmeisikia kwa jina la kompyuta ya meno. Ilikuwa na kamera ndogo kama ncha ya kijiko, ambayo inaingizwa mdomoni na kulipiga picha jino lililovunjika, picha inakuja kwenye kioo, fundi anachora kwenye kioo hicho jino jipya linavyotakiwa kuwa, mashine yenyewe inapendekeza umbo, naye anakubali au anabisha, kisha kwenye kisanduku cha pembeni kinawekwa kitofali cha kaure ngumu na visu viwili vya almasi vinakichonga huku maji yanamwagika juu yake wakati wote, na mgonjwa aliyekaa asubuhi na kisiki mdomoni anaondoka mchana na jino. Umeme wa Njombe wakati ule ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na umeme ukikatika katikati ya kuchonga kitofali kinaharibika, kwa hiyo kanisa likaamua mashine ikae kwenye kliniki yake ya Makambako, ambako umeme ulitulia, na Kristofa awe fundi wake. Ndiyo maana Kristofa akawa anakwenda Makambako kila Jumanne na kurudi Alhamisi, na ndiyo maana alikuwa analala gesti, kwa sababu binadamu hulala, na kliniki haikuwa na chumba cha kulala.

Yule daktari mzee alikuja na mashine yake, akamfundisha wiki tatu, akaenda zake, na kazi ya kwanza kubwa Kristofa aliyoifanya peke yake aliiharibu. Mama Mwanaheri, mfanyabiashara wa mchele na mahindi, mke wa mzee Halfan mwenye malori, alipigwa mdomoni na bodi la nyuma la lori wakati wa kupakia, meno mawili ya mbele juu yakakatika. Kristofa alikaa naye asubuhi yote, mashine ikapendekeza meno mawili mazuri yaliyoshikana kama mlango uliofungwa vizuri, yeye akakubali, yakachongwa, yakagandishwa, akampa kioo akiwa amekunja mikono anasubiri sifa. Mama Mwanaheri alijitazama, akafunga mdomo, akaufungua tena, akamwuliza, "Fundi, mwanya wangu umeuweka wapi?"

Kwa wasiojua, mama huyu tangu usichana wake alikuwa anajulikana kwa mwanya wake kuliko kwa jina la baba yake, na jioni ile mzee Halfan alifika kliniki akiwa mtulivu kabisa, akaeleza kwamba yeye hana ugomvi na Wajerumani, ila yule mwanamke ndani ya nyumba yake akicheka ni mtu mwingine, na yeye ameoa mmoja tu. Kristofa aliirudia mashine akagundua kwamba meno yote yaliyohifadhiwa ndani yake ni ya watu wa kwao Ujerumani, na huko mwanya ni kasoro ya kuzibwa, hivyo akakaa Jumatano nzima akivuta mistari kwenye kioo nywele kwa nywele, mashine inauziba mwanya, yeye anaufungua tena, mpaka mashine ikachoka kubishana. Mama Mwanaheri alipopewa kioo mara ya pili alicheka, na mzee Halfan akasema, "Huyo ndiye."

Habari ikaenea kama habari zinavyoenea Makambako, ambako lori linaondoka na mzigo na maneno. Wanawake wakaanza kuja, wengine kutoka mbali, meno yao hayana ubaya wowote, wanataka fundi awakate awawekee mwanya kwa kompyuta, na Kristofa akawafukuza akiwaambia kwamba yeye harekebishi kazi ya Mungu inayotafuna vizuri, na aliowafukuza wakaondoka na hasira. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwanaume anavaa tai, anakohoa, anakonda, kila Jumanne yuko gesti ya Makambako, na mlangoni kwake kuna foleni ya wanawake wanaofungua midomo. Katika miaka hii ambayo kila wiki tunachimba kaburi, watu wa Njombe hawakuhitaji kuambiwa zaidi, wakajumlisha wenyewe, na jibu walilolipata wakalipeleka hadi kwenye kibanda cha chai cha Tabea.

Mwaka 2001, mwezi Novemba, pumzi ilipokuwa haimfikishi tena kutoka stendi hadi nyumbani, alipelekwa Mbeya kupigwa picha ya eksirei, na kutoka Mbeya akapelekwa Dar es Salaam. Daktari wa mapafu aliitundika ile picha kwenye taa, akaitazama kwa muda, akamwuliza amechimba mgodi gani na kwa miaka mingapi. Kristofa alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Daktari, mimi natengeneza meno." Daktari akamwomba aeleze yanatengenezwaje, naye akaeleza kwa raha kama alivyozoea, kalibu, mchanga, kaure, kusaga, kupuliza, na alipofika kwenye blanketi la dirishani daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, yamekuwa makovu matupu, ni ugonjwa wa watu wanaotoboa miamba, hauambukizi, hautoki kwa mwanamke wala hauendi kwa mwanamke, na dawa ya kuuondoa haipo, kilichopo ni kukaa mbali na vumbi na kulinda pumzi iliyobaki. Alipimwa pia ule ugonjwa mwingine ambao mnautaja kwa macho, akaonekana hana, na Tabea akapimwa hapa Njombe mwezi uliofuata na mara ya pili baada ya miezi mitatu, naye hana. Familia inasema hivyo wazi mbele ya jeneza kwa ruhusa ya Tabea mwenyewe, na daktari aliyempima yupo, amekaa mstari wa pili, ameruhusiwa kujibu atakayemwuliza.

Kristofa aliporudi na habari hiyo, shangazi yake alisema kwamba kikohozi hicho anakifahamu, alilala nacho chumba kimoja akiwa msichana. Baba yake, yaani babu yake Kristofa, alikuwa miongoni mwa wanaume wa kwetu waliokwenda migodini Afrika Kusini, akarudi mwaka 1953 na sanduku la bati, blanketi zito na kikohozi kikavu cha asubuhi, akafa baada ya miaka minne akiwa mwepesi kama mtoto, na watu wakasema amelogwa na waliolionea wivu lile sanduku, jirani mmoja akafukuzwa kijijini kwa jambo hilo pamoja na wanawe. Kwa hiyo ukoo huu umeshawahi kuzika mtu wa vumbi ukaliita vumbi kwa jina lingine, na asiye na kosa akalipia.

Karakana ya nyuma ilifungwa siku hiyo hiyo, Tabea akalibandua blanketi mwenyewe, likamwaga unga hata likiwa mikononi. Makambako Kristofa aliendelea kwenda, kwa kuwa mashine ile ilikuwa inachonga ndani ya maji na haina vumbi, unga wote unashuka na maji unakusanyika kwenye ndoo chini ya meza kama uji mweupe. Tabea alimsindikiza Jumanne moja, akamkuta ameiinamia ndoo ile anaiangalia, na alipomwuliza kuna nini, akasema, "Miaka yote ile, ndoo nilikuwa mimi."

Kama angeyatangaza haya mapema pengine maneno yangekatika, na shangazi yake alimwambia ayatangaze kanisani. Alikataa, akasema mtu akisimama kutangaza kwamba hana, watauliza nani alimwuliza, na yeye hawezi kuomba ruhusa ya kukohoa. Ilikuwa ni majivuno yake, na gharama yake aliilipa Tabea, aliyekuwa na kibanda cha chai na maandazi pale stendi tangu mwaka 1993, kibanda ambacho madereva walikuwa wanakizunguka kama nyuki. Wateja wake wakahamia kibanda cha pili, mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake, mpaka ikawa anabeba maandazi kwenda nayo na anayabeba kurudi nayo. Kuna aliyemlipa kwa kuweka hela chini ili asiguse kiganja chake. Jackline akawa anakaa dawati peke yake, akarudi nyumbani akauliza kama vumbi linaambukiza, akaambiwa hapana, akasema basi mwende mkawaambie.

Mama Mwanaheri aliposikia, alikuja kutoka Makambako na lori lake, akashuka pale stendi mchana watu wamejaa, akaketi kwenye benchi la kibanda cha Tabea, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza mahindi, "Mdogo wangu, nimiminie chai kwenye kikombe chako unachonywea wewe, usikioshe." Akanywa polepole, akala maandazi manne, akacheka na mwanya wake wote, akaondoka. Wawili watatu walirudi baada ya hapo. Wengi hawakurudi.

Kuanzia Machi mwaka huu Kristofa hakuweza tena kusafiri, akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, Tabea anamshika kifua akikohoa na Idda anasoma masomo yake ya kidato cha pili pembeni ya kitanda. Mwezi Juni wazee wa ukoo walikuja kumwona mgonjwa, wakamaliza kumwona upesi, wakahamia sebuleni wakaanza kikao, na mlango wa chumbani ulikuwa haufungi vizuri, fundi wa meno hakuwa fundi wa milango. Wakasemezana kwamba baada ya matanga mwanamke arudishwe kwao Wanging'ombe kabla hajafia hapa, watoto wagawanywe, na nyumba ipangishwe. Yote aliyasikia, kwa kuwa masikio yake hayakuwa na vumbi. Walipoondoka alimwita Tabea na shangazi yake, akapumua kwanza, maana wakati huo sentensi moja alikuwa anaipanda kama mlima, akasema, "Shangazi, siku mtakaponisoma, msithubutu kusema niliugua kwa muda mrefu. Semeni vumbi. Mkisema muda mrefu, mtakuwa mmemzika na Tabea."

Wote mnajua alimaanisha nini. Tumesoma maneno hayo kwenye makaburi mengi katika miaka hii, tukainamisha vichwa, na tukitoka hapo tunakwenda kumkwepa mjane. Kristofa alikuwa amehudhuria misiba hiyo yote akiwa na tai yake, akayasikia, na alijua yeye akisomwa hivyo mke wake hatauza tena andazi hata moja katika mji huu, na kikao cha sebuleni kitapata muhuri.

Tarehe 9 Agosti pumzi ilimbana zaidi, akalazwa hospitali hapa Njombe, akawekewa oksijeni, na siku ya nne aliomba arudishwe nyumbani, daktari akaruhusu kwa sababu mtungi ule ulikuwa hausaidii tena. Alhamisi tarehe 14 Agosti 2003, saa tatu asubuhi, jua likiwa limefika kitandani, aliomba dirisha lifunguliwe lote, likafunguliwa, akamtazama Tabea ambaye alikuwa anajikaza amtabasamie, akatazama meno yale kwa muda, na hakuvuta tena pumzi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Hakuugua kwa muda mrefu. Aliugua vumbi la mawe, lililotoka kwenye meno ya watu, likaingia chumbani kwake na halikupata pa kutokea.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi wa Njombe waliomhudumia bila kumgeuzia uso, kwa madaktari wa Mbeya na Dar es Salaam, na hasa yule aliyeuliza kazi yake kabla ya kuuliza tabia yake, kwa wafanyakazi wenzake wa kliniki ya Makambako walioizima mashine jana na leo ili waje wote, kwa mzee Halfan na mama Mwanaheri walioleta lori na mchele na ambao tangu juzi wamelala sakafuni pamoja nasi, kwa mchungaji na kwaya, na kwa majirani waliochota maji, waliopasua kuni na waliochimba. Majirani ambao tangu juzi mmekaa upande ule wa uzio, mkila chakula mlichokuja nacho, nanyi familia inawashukuru kwa kufika.

Kuhusu Tabea na watoto, familia inatamka kwamba nyumba ile aliijenga Kristofa na mke wake, udongo wa matofali waliukanyaga wote wawili, na Tabea atabaki humo na wanawe watatu, hakuna basi la Wanging'ombe linalomsubiri. Shangazi Dorosela, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba, amesema mwenye neno tofauti alisimamie sasa hivi, hapa, marehemu akiwepo, asilipeleke kesho nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyesimama.

Basi kabla ya kubeba jeneza, tutapita mbele ya Tabea. Hatutampungia kwa mbali, wala hatutaweka mkono kifuani tukainama. Tutampa mkono, kiganja kwa kiganja, kila mmoja, wakubwa na watoto, na wazee wa kikao cha sebuleni watatangulia, kwa heshima ya umri wao. Shangazi Dorosela ameshaondoka kwenye kiti, ameshika kiganja cha Tabea, ndio mkono wa kwanza, na hatauachia mpaka wa pili ufike.

Kristofa, tumesema vumbi. Pumzika sasa kwa amani.